Sarafu za shaba ya manjano za Waroma: namna ya kuzitambua pasipo kuziharibu

Mutu anapata sarafu kubwa ya kale, nzito, yenye kufunikwa na rangi ya kijani. Nyumbani wanamuambia: "Isafishe kwanza, tuone kama ni zahabu." Wanakata ndimu, wanatia chumvi, wanasugua na muchanga ao na burashi ya chuma. Saa moja kisha, sarafu inangaa. Lakini maandishi yamefutika, sura ya kaisari imebakia sawa kivuli, na rangi yenyewe imegeuka: pale palipokuwa manjano sasa pamekuwa pekundu. Kitu kilichodumu miaka karibu 1900 kimeharibikia jikoni.

Jambo hilo linatokea fasi mingi duniani, na sarafu zinazoumia zaidi ni zile za shaba ya manjano za watawala wa Roma. Juu ya sarafu hizo, rangi haikuwa pambo. Rangi ndiyo ilikuwa inaonyesha bei. Ndiyo maana mwenye kutaka kuzijua anapaswa kuanza na macho, rula na mizani, na kuacha ndimu mbali.

Shaba mbili, bei mbili

Karibu mwaka wa 23 mbele ya Yesu Kristo, Kaisari Augusto alipanga upya feza za utawala wake. Juu kabisa kulikuwa sarafu ya zahabu. Chini yake ilikuja dinari ya feza, ile ambayo wasomaji wa Biblia wanaijua. Lakini kwa kununua mukate, mafuta ao mboga, watu walihitaji sarafu za bei ndogo, na hizo zilitengenezwa katika aina mbili za shaba.

Aina ya kwanza ni shaba nyekundu. Ya pili ni shaba ya manjano, ambayo Waroma waliita orichalcum. Ilikuwa muchanganyiko wa shaba na zinki, madini mbili ambazo watu wa Haut-Katanga wanazijua vizuri, kwani mgodi wa Kipushi uko na zote mbili. Waroma hawakujua kutoa zinki peke yake. Walitia vipande vya shaba ndani ya chungu chenye kufungwa, pamoja na makaa na udongo wenye zinki, kisha wakachoma. Zinki iligeuka mvuke na kuingia ndani ya shaba. Kazi hiyo ilikuwa ngumu, na ndiyo sababu shaba ya manjano ilihesabiwa kuwa na bei kupita shaba nyekundu.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi:

- dinari 1 ya feza = sesterse 4
- sesterse 1 (shaba ya manjano) = dupondi 2
- dupondi 1 (shaba ya manjano) = asi 2
- asi 1 (shaba nyekundu) = kwadransi 4

Katika mufano wa Yesu juu ya wafanyakazi wa shamba la mizabibu, dinari moja ni malipo ya kibarua cha siku nzima. Kwa hesabu hiyo, sesterse moja ilikuwa robo ya kibarua. Haikuwa pesa ya kuchezea.

Tatizo lilikuwa kati ya dupondi na asi. Zote mbili ziko karibu sawa kwa upana, na hata kwa uzito zinakaribiana. Lakini moja ni bei mara mbili ya ingine. Mama muuza mboga kwenye soko la Roma alizitenganisha kwa rangi: ya manjano ni dupondi, nyekundu ni asi. Mwandishi Plinio Muzee, aliyekufa mwaka wa 79 wakati mlima wa volkano Vesuvius ulipolipuka, aliandika kwamba sesterse na dupondi zilitengenezwa na shaba iliyopokea vizuri ule udongo wa zinki, na asi zilibakia na shaba ya kawaida ya Kipro.

Mwenye kutaka kuona rangi hiyo leo anaweza kuuliza wazee kama wangali na sarafu za Kongo ya Wabelgiji zenye picha ya tembo: franga 2 zenye pembe sita za mwaka wa 1943, franga 1 za kati ya 1944 na 1949, ao franga 5 za 1947. Hizo pia ni za shaba ya manjano. Pale ambapo vidole vimesugua sana, rangi inakaribia ile ya zahabu iliyofifia. Sesterse ilipotoka tu kwenye karakana ya Roma ilikuwa na rangi ya namna hiyo.

Hatua ya kwanza: kupima

Mizani ndogo, sawa ile wanayotumia wanunuzi wa zahabu, inatosha. Rula yenye milimeta pia inatosha. Kwa karne ya kwanza na ya 2, vipimo vya kawaida ni hivi:

- Sesterse: upana wa milimeta 31 hadi 36, uzito wa gramu 22 hadi 28.
- Dupondi: upana wa milimeta 26 hadi 29, uzito wa gramu 11 hadi 14.
- Asi: upana wa milimeta 25 hadi 28, uzito wa gramu 9 hadi 12.

Sesterse haipotezi mutu: ni kubwa, inajaza katikati ya kiganja. Katika karne ya 3 zilianza kupungua uzito, na zingine ziko chini ya gramu 20. Kwa dupondi na asi, mizani peke yake haiamui. Sarafu ya gramu 11 na nusu inaweza kuwa hii ao ile. Hapo mutu anapita kwenye kichwa.

Hatua ya pili: taji ya kaisari

Upande wa mbele uko na kichwa cha kaisari, ao cha mutu wa jamaa yake. Angalia amevaa nini.

Taji ya majani, yenye kufungwa na utepe nyuma ya shingo, inapatikana kwenye sesterse na kwenye asi. Taji ya miale, yenye ncha kali sawa mishale ya jua, ni alama ya dupondi. Matumizi hayo yalianza kushika wakati wa Nero, aliyetawala tangu mwaka wa 54 hadi 68. Inaeleweka: mikono ya watu inachafua sarafu, manjano na nyekundu zote zinakuwa kahawia, na alama ya kichwani inasaidia pale rangi inaposhindwa.

Lakini kanuni hiyo iko na mipaka, na mwenye kuijua nusu anaweza kukosea.

Kwanza, mbele ya Nero taji ya miale haikuwa kanuni. Pili, Nero mwenyewe alijaribu kutoa hata asi za shaba ya manjano, na juu ya zingine aliweka alama ya bei: II kwa dupondi, I kwa asi. Tatu, Kaisari Trajanus Decius (249 hadi 251) na kisha Postumus aliyetawala kule Gaul (260 hadi 269) walitoa sarafu kubwa za sesterse mbili, na hizo pia ziko na taji ya miale. Upana na uzito ndivyo vinazitenganisha na dupondi.

Neno la ine ni la wanawake. Wake wa makaisari hawakuvaa taji ya miale katika karne ya kwanza na ya 2. Sarafu ya Faustina, muke wa Antoninus Pius, yenye gramu 12, inaonyesha tu mama mwenye nywele zilizosukwa na kukunjwa juu ya kichwa. Ni dupondi ao ni asi? Kichwa hakijibu. Inabakia rangi ya madini peke yake. Mutu akiisha kuharibu rangi hiyo, hakuna mwingine wa kuuliza.

Hatua ya tatu: maandishi

Maandishi yanazunguka ukingo. Ni Kilatini, na karibu yote yamekatwa kwa ufupi pasipo nafasi kati ya maneno. Herufi U inaandikwa V. Ufupi unaorudi kila mara ni huu:

- IMP: mukubwa wa majeshi.
- CAES: Kaisari.
- AVG: Augusto, cheo cha mutawala.
- P M: kuhani mukuu.
- TR P: mamlaka ya mutetezi wa raiya, iliyorudishwa kila mwaka.
- COS: konsuli, na namba ya mara ngapi alishika kazi hiyo.
- P P: baba wa taifa.
- S C: kwa uamuzi wa Seneti.

Herufi S C ni za musaada sana. Kwa kawaida ziko upande wa nyuma, kubwa, kushoto na kuume ya picha ao chini yake. Zinaonekana juu ya shaba, si juu ya dinari nyingi za feza. Hata kwenye sarafu iliyochakaa, S na C mara nyingi zinaonekana wakati mengine yote yamekwisha.

Kuhusu tarehe, namba ndizo zinasema. TR P inaongezeka moja kila mwaka, kwa hiyo TR P yenye namba inaweza kuonyesha karibu mwaka wenyewe. COS inasaidia pia, lakini kwa upana zaidi.

Hatua ya ine: upande wa nyuma

Nyuma ndipo mutawala alikuwa anazungumuza na raiya. Wakati ule hakukuwa redio wala gazeti; sarafu ilifika katika kila soko. Mwaka wa 71, Vespasianus alitoa sesterse zenye mti wa mutende na mufungwa mwenye kukaa chini, pamoja na maneno IVDAEA CAPTA, maana yake Yudea imekamatwa. Ni baada ya kuangushwa kwa Yerusalema. Nero alionyesha bandari ya Ostia na mashua zake, ambako chakula cha Roma kilipitia. Titus alionyesha kiwanja kikubwa cha michezo, Koloseo, kilichofunguliwa mwaka wa 80.

Nyingi zaidi ziko na mutu mumoja mwenye kusimama, na kile anachoshika ndicho jina lake. Mwenye mizani ni AEQVITAS, usawa. Mwenye usukani wa mashua na pembe yenye kujaa matunda ni FORTVNA, bahati. Mwenye mabawa ni VICTORIA, ushindi. Mwenye kulisha nyoka ni SALVS, afya. Mwenye tawi la muzeituni ni PAX, amani.

Kaisari Hadrianus alitoa mufululizo wa sarafu zenye majina ya majimbo aliyotembelea. Moja iko na neno AFRICA: mwanamuke ameegemea, amevaa kichwani ngozi ya kichwa cha tembo, mukono mumoja unashika nge. Kwa Waroma, neno hilo halikumaanisha bara zima. Lilikuwa jimbo la kaskazini, pande za Tunisia ya leo na jirani zake.

Mufano mumoja mpaka mwisho

Tuseme sarafu iko na milimeta 33 na gramu 25. Kwa hiyo ni sesterse. Mbele kuko mwanaume mwenye ndevu na taji ya majani, na maandishi HADRIANVS AVG COS III P P. Nyuma kuko yule mwanamuke wa AFRICA na herufi S C.

Jina linasema Hadrianus, aliyetawala tangu 117 hadi 138. COS III inasema konsuli mara ya tatu. Hiyo ilikuwa mwaka wa 119, na hakurudia tena. P P, baba wa taifa, cheo hicho alikikubali mwaka wa 128. Basi sarafu haiwezi kuwa ya mbele ya 128, wala ya kisha 138. Kwa rula, mizani na herufi chache, sarafu imepata bei yake, mutawala wake na muda wake wa miaka kumi. Hakuna aliyeisugua.

Rangi inasemaje, na ndimu inadanganya namna gani

Mwenye kutaka kuona madini anaangalia pale sarafu ilipochakaa yenyewe: shavu la kaisari, nywele juu ya sikio, ukingo, ao mukwaruzo wa zamani. Chini ya jua, shaba ya manjano inaonyesha rangi ya asali ao ya majani makavu. Shaba nyekundu inaonyesha rangi ya tofali ao ya waya wa umeme. Sarafu zilizolala ndani ya mito, mahali pasipo hewa, zinaweza kubakia manjano kabisa. Katika mto Garonne, karibu na Bordeaux kule Ufaransa, walitoa sesterse karibu 4000 kutoka muzigo wa mashua iliyozama. Za mwisho kati yao ni za wakati wa Antoninus Pius.

Zile za udongo zinafunikwa na ngozi ya kijani, kahawia ao nyeusi. Ngozi hiyo si uchafu. Ni shaba yenyewe iliyogeuka pole pole, na mara nyingi herufi na nywele ziko ndani ya ngozi hiyo, si chini yake. Mutu akiitoa, anatoa maandishi.

Ndimu inaongeza hasara ya pili. Asidi inakula zinki mbele ya shaba. Kwa hiyo shaba ya manjano iliyolala ndani ya ndimu ao siki inapoteza zinki ya juu, na inabakia na ngozi nyekundu. Yule Faustina wa gramu 12, aliyekuwa dupondi, anaanza kuonekana sawa asi. Mutu alitaka kuona rangi ya kweli, na ameifanya iseme uongo.

Kuna jambo lingine la kukumbuka. Mwanzoni, wakati wa Augusto na waliomufuata, zinki ilikuwa karibu sehemu moja juu ya tano ya madini, ao kupita kidogo. Kisha karakana zilianza kuyeyusha sarafu za zamani ili kutoa mupya. Kila mara moto unapowaka, zinki kidogo inatoka kama mvuke. Wakaongeza bati na risasi. Katika karne ya 3 manjano ilikuwa imefifia sana, na sesterse ya Severus Alexander (222 hadi 235) inaweza kuwa ya kahawia hata pale ilipochakaa. Karibu miaka ya 260, feza za bei kubwa zilipopoteza nguvu, kutengeneza sesterse hakukuwa na faida tena, na ikapotea.

Za kweli na za uongo

Karakana ya Roma ilitengeneza sarafu kwa kupiga. Kipande cha madini kiliwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma, kisha nyundo ikaanguka. Ndiyo maana sarafu ya kweli mara nyingi si duara kamili, picha haiko katikati kabisa, na ukingo uko na nyufa ndogo. Kopi nyingi zimemiminwa ndani ya umbo. Alama zao ni hizi:

- vitundu vidogo vidogo sawa vya chapati, vinavyoonekana na kioo cha kukuzia;
- herufi laini, zenye mabega ya muviringo, sawa sabuni iliyotumiwa;
- musitari unaozunguka ukingo, ao alama za tupa pale walipojaribu kuuficha;
- uzito ulio mbali sana na kawaida;
- sarafu mbili zenye mukwaruzo uleule mahali palepale.

Sumaku pia inasaidia: shaba haivutwi. Sarafu ikishikwa na sumaku, ndani kuko chuma. Lakini isiposhikwa, hiyo peke yake haihakikishi kitu.

Kuiga kwenyewe ni kwa zamani. Katika karne ya 16, muchongaji Giovanni da Cavino wa Padova, Italia, alitengeneza sarafu sawa za sesterse, nzuri kupita hata za Waroma wenyewe. Mpaka leo zingali zinasumbua watu.

Kwa wakaaji wa huku, kuna swali moja linalokuja mbele ya mengine yote. Utawala wa Waroma haukufika katika maeneo ya Kongo. Kusini, mipaka yake ilikuwa pande za Nili, kusini mwa Misri. Mutu akisema alitoa sesterse ndani ya shimo la dhahabu ao kwenye shamba lake la mihogo, musikilizaji aulize maswali mengi mbele ya kutoa hata franga. Inaweza kuwa kopi ya watalii, ao sarafu iliyotoka mbali kwa njia isiyo halali. Inchi nyingi zilizokuwa chini ya Roma zinakataza kutoa vitu vya kale pasipo ruhusa, na mapatano ya UNESCO ya mwaka wa 1970 yanapiganisha biashara hiyo. Tena, kuwa ya zamani hakufanyi sarafu kuwa ya bei kubwa. Sesterse zilitengenezwa kwa wingi, na nyingi zilizochakaa haziko na bei inayosemwa mitaani.

Mutu afanye nini

Udongo mukavu unaotoka wenyewe unaweza kuondolewa na burashi laini ya rangi. Zaidi ya hapo, aache. Aweke sarafu mahali pakavu, ndani ya karatasi, si ndani ya plastiki laini. Kukitokea unga wa kijani kibichi unaorudi kila mara, huo ni ugonjwa wa shaba: aitenganishe na zingine na asiilowanishe.

Kisha apige picha tatu: mbele, nyuma na ukingo, asubuhi ao jioni wakati mwangaza unatoka upande. Mwangaza wa namna hiyo unainua herufi ambazo mchana hazionekani. Aandike upana na uzito. Na vitu hivyo vitano anaweza kulinganisha na orodha ya OCRE ya American Numismatic Society, ambayo iko bure kwenye intaneti na inaonyesha sarafu za makaisari wa Roma moja kwa moja.

Picha mbaya inaweza kupigwa tena kesho. Sarafu iliyolazwa ndani ya ndimu haina kesho.